Sikio la Kushoto

Jumatatu, 3 Juni
Pembe ya kulia imekwisha. Msumeno umekatika mara tatu leo. Huu wa mashine ni mwembamba kama uzi wa kushonea, ukisukuma ubao kwa haraka tu, paa. Vipande arobaini tayari, bado ishirini na nne. Ni uso wa dume la ng'ombe. Kila kipande nakikata peke yake kwenye ubao wa mninga, napiga msasa, napaka rangi, halafu vyote vinagundishwa kwenye plaiwudi mpaka uso unatokeza kama unataka kukupumulia.

Fundi Hamisi kamwambia mteja kwamba Kanyenye nzima hakuna mwingine anayeweza kazi hii. Mimi kaniambia nifagie.

Vumbi limenijaa puani, nikipenga linatoka jekundu. Fundi anatema ugoro kwenye kifuniko cha rangi nyeupe, ile ile ninayopakia macho. Kinyaa.

Jumanne, 4 Juni
Mteja mwenyewe kaja. Bosi Luhende, mfanyabiashara wa ng'ombe. Kaja na mishikaki kwenye gazeti. Huku anatafuna kachukua jicho la dume, nimelipaka asubuhi hii hii, kaligeuzageuza na vidole vya mafuta. Rangi mbichi. Sasa jicho lina alama ya dole gumba na punje ya pilipili.

"Huyu dogo haongei? Au mmemkata ulimi na huo msumeno wenu?"

Fundi kacheka mpaka kakohoa. Mimi nilishasema shikamoo.

Anajenga. Picha itakaa sebuleni, mgeni aione kabla hajakaa. Kasema dume hilo kamlea mwenyewe toka ndama, anamnywesha maziwa kwa mkono, hivi. Kaonyesha. Mkono laini kama wa mtoto mchanga, kucha ndefu. Mkono ule haujawahi kuvuta kamba ya ndama.

Kaacha picha nyingine ya kamera ya dume mwenyewe, ya leo, tunakili. Ile ya kwanza ilikuwa inaonyesha upande wa kulia tu.

Jicho nimelipiga msasa upya. Harufu ya mishikaki haitoki.

Jumatano, 5 Juni
Asubuhi nzima natazama sikio la kushoto kwenye hiyo picha. Sijakata kitu.

Kwetu Nzega kila nyumba ina mkato wake wa sikio. Ng'ombe wakichanganyika kwenye maji hakuna kugombana, unatazama sikio. Kwa Mayu Kabula ni mikato miwili iliyonyooka, ncha ya sikio la kushoto. Mayu Kabula, mama Kabula kwa lugha ya kwetu, ni jirani yetu, mjane. Nilipoacha shule darasa la nne nikachunga ng'ombe wake miaka saba. Nikala kwake, nikavaa kwake.

Kuna ndama mmoja nilipewa kisu mimi. Mara yangu ya kwanza. Mkato wa kwanza sawa. Wa pili ndama karuka, kisu kikaenda mshazari, kikashuka, kikang'oa kipande. Nikataka kulia. Mayu akacheka mpaka akakaa chini. Akasema basi huyu atakuwa na mwandiko wako, Shija, tutafanyaje.

Ni yeye, dume la kwenye picha. Ana baka jeupe chini ya jicho, lakini mabaka yanafanana. Mkato wa kile kisu kilichoteleza haufanani na wa mtu.

Dume hilo liliibwa mwaka jana mvua zilipoanza. Shemeji zake Mayu, wadogo wa marehemu mumewe, wakasema hakuibiwa, Mayu kamuuza kwa siri akale na mwanaume. Mpaka leo wanasema hivyo hivyo.

Nimetaka kumwambia Fundi. Nimemfuata mpaka mlangoni. Nimemwomba gundi.

Alhamisi, 6 Juni
Luhende tena. Kakuta nimelichora sikio juu ya ubao na mikato yake yote, penseli tu. Kalitazama kidogo. Kisha kasema kwa Fundi, si kwangu:

"Hilo sikio lizibeni. Sitaki ng'ombe wangu aonekane kaliwa na panya."

"Linazibwa bosi. Hilo ni jambo dogo."

Mpaka jana nilikuwa namtafutia njia. Labda kanunua mnadani, labda hajui. Sasa hapana. Mfugaji anaficha vitu vingi, hata idadi ya ng'ombe wake hakwambii. Mkato hafichi. Mkato ndiyo jina lake. Mtu anayesema kalea toka ndama halafu hataki sikio lionekane, huyo anajua sikio ni la nani.

Nikauliza. Sijui nilipata wapi nguvu. Sauti ikatoka nyembamba. "Mzee, huyu dume anakaa wapi?"

"Ulyankulu, zizini kwangu. Vipi, unataka kumposa?"

Wakacheka wote wawili. Kipande cha nyama kilikuwa kimenasa kwenye jino lake la mbele. Sikuweza kula mchana.

Ijumaa, 7 Juni
Sikio nimelikata zima. Nimelizungusha kwenye mashine taratibu, halina mkato, laini kama jani. Nikapaka kahawia, nikapaka nyeusi ukingoni, nikachora na manyoya kwa brashi ya nywele tatu. Limependeza. Ndiyo kinachonichefua zaidi, limependeza.

Nimetapika nyuma ya karakana. Fundi kasema ni vumbi la mninga, ninywe maziwa.

Jumamosi, 8 Juni
Luhende kaja kuchukua. Kaiweka picha kiti cha mbele cha gari, kaifunga mkanda kama mke. Kanipapasa kichwani. "Mchapa kazi huyu." Nimeosha kichwa bombani, kwa sabuni ya kufulia, mara mbili.

Saa kumi mama kapiga simu. Jumanne kuna kikao cha ukoo kwa Mayu Kabula. Shemeji zake wanataka atoke kwenye nyumba, arudi kwao Igunga mikono mitupu, watoto wabaki. Sababu ni dume tu. Mama anasema Mayu hatoki nje siku hizi, hata kisimani anakwenda watu wakishatoka. Kisha kaniuliza nakula vizuri.

Nikasema vizuri. Simu ikakatika, salio lake likaisha.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema nakula vizuri. Luhende ni mwizi, mimi je? Najichukia kuliko ninavyomchukia yeye.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani nimekaa benchi la mwisho kama kawaida. Sijasikia hata somo.

Baadaye nikaenda pembeni mwa reli pasipo na mtu. Nikajaribu kusema kwa sauti. Mkato ule nilikata mimi. Mara ya kwanza haikutoka. Mara ya pili ikatoka, mbuzi mmoja akanitazama. Mara ya tano ikatoka vizuri.

Ila wataniuliza. Uliona lini? Jumatano. Ukafanya nini? Na hapo itabidi niseme mbele ya wazee, na mbele ya Mayu mwenyewe, kwamba sikio nililiziba. Nikalipaka na rangi. Hilo nimejaribu kulisema, halijatoka hata mara moja.

Mchana nikaenda kwa Fundi, nyumbani kwake. Nikamwambia yote, naangalia ndala zake. Kachota ugoro, kaweka mdomoni.

"Una uhakika?"

"Nilikata mimi, Fundi."

"Masikio ya ng'ombe yapo elfu na elfu, Shija."

"Hilo nilikata mimi."

Katema, karibu na mguu wangu. "Yule anatuletea watu. Ukienda kusema hayo, kwangu usirudi."

Fundi anajua kwamba nasema kweli. Nimeona machoni. Kaitema kweli pamoja na ugoro wake, kafuta mdomo kwa mkono, kaniuliza kama nitakunywa chai.

Sikunywa.

Jumatatu, 10 Juni
Nimewahi karakana kabla ya Fundi. Nimefagia. Nimeifunika mashine na gunia. Ufunguo nimemwachia mama ntilie wa jirani, kaniuliza unasafiri, nikasema ndiyo, kaniongezea chapati moja bila kusema kitu.

Baridi kidogo leo. Mikono inanuka gundi bado.

Nimefikiri kupiga simu tu, mama aseme kwa niaba yangu. Haitoshi. Watasema mama ni rafiki yake. Na Luhende kaniona nikiuliza dume anakaa wapi. Akikumbuka, kazi yake ni dakika moja, kisu kimoja, sikio lote chini. Hapo hata mimi sitaweza kumjua. Lazima watu watoke kijijini wafike Ulyankulu kabla hajakumbuka.

Basi la Nzega linaondoka saa tatu, sasa hivi linapiga honi. Naacha hapa. Kikao ni kesho saa nne, na mtu aliyekata sikio lile ni mimi tu.