Nimeikuta fomu ya hakimiliki kwenye mkoba wa wifi yangu

Mshauri mpendwa, nina shida na nakuomba unisaidie, lakini kabla hujaendelea kusoma hebu angalia nani amesimama nyuma yako, na ukimaliza uichane barua hii vipande vidogo, na kama ni lazima uitoe gazetini basi usiitaje shule yangu wala jina la kitabu changu, ambalo hata hivyo sikuandikii, si kwamba sikuamini, ila sikujui.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, huu ni mwaka wa kumi na tisa nafundisha watoto kusoma, na kwa miaka mitatu nimeandika kitabu cha hadithi tisa za kuwafundishia, hadithi za kuku mmoja mbishi asiyekubali kuingia bandani, na nikikusomea hata moja utashika mbavu, ndiyo maana sikusomei. Picha alichora wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, tunaishi naye, ana kipaji sikatai, zamani alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka kabla mashine hazijamnyang'anya kazi, basi kila nikirudi shuleni tulikuwa tunakaa kwenye meza ya jikoni, mimi nasoma yeye anachora, tunacheka wenyewe kama wendawazimu, mume wangu akiuliza kuna nini huko tunamwambia hayakuhusu.

Sasa mimi najijua, nina wasiwasi na watu, lakini mshauri dunia hii usipokuwa na wasiwasi utaibiwa hadi kivuli, kuna mwalimu mwenzetu alitunga wimbo wa kuhesabu, siku moja akausikia kwenye redio unatangaza sabuni, alilia mpaka tukamfungia ofisini, nikasema mimi hawanipati. Kitabu nilikichapisha kwenye maduka matatu tofauti ya kuchapa na kutoa kopi, kila duka hadithi tatu, asije mtu mmoja akakamata chote, na kila duka nilisimama nyuma ya yule mchapaji mpaka akafuta kila kitu kwenye kompyuta yake, na nikamwambia haya sasa futa na huko vinakokwenda vilivyofutwa, akaniangalia weee, akafuta. Mwalimu mkuu aliomba akione nikamwambia bado naandika. Nakala kamili nimeitia ndani ya foronya ya mto wangu, shingo inaniuma lakini nimezoea.

Mwaka huu kwenye semina ya walimu nikakutana na mchapishaji wa vitabu, nikamwonyesha kurasa mbili tu, tena nimezishika mwenyewe mkononi, akacheka, akasifu picha, akasifu picha tena, nikajua huyu ananizunguka, anachokitaka ni hadithi. Akaniambia baada ya miezi miwili, yaani Alhamisi hii inayokuja, niende na kitabu kizima pamoja na cheti cha hakimiliki, tusaini mkataba. Basi nikaenda ofisi ya hakimiliki, nikapewa fomu, na nikaambiwa niambatanishe nakala mbili za kazi yangu. Mshauri, nilicheka kwa uchungu. Yaani kitabu nikifiche kwenye mto miaka yote hiyo, halafu nikawakabidhi watu nisiowajua dirishani, tena nakala mbili? Nikarudi nyumbani, nikatoa ukurasa wa mwisho wa kila hadithi, zote tisa, nikapeleka kilichobaki, maana mwizi hata akiiba atafanya nini na hadithi zisizo na mwisho? Karani mwenye miwani ya kamba akafungua, akasoma, akacheka, akafungua ukurasa mwingine, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mbona hadithi hizi haziishi?" Nikasema moyoni, aha! Mwisho wake ndio unaoutaka wewe! Nikamjibu ndivyo zilivyo. Akaniuliza tena, "Una uhakika?" Nikamwambia piga muhuri baba, nina darasa linanisubiri.

Kwenye fomu kulikuwa na swali kama kuna mtu mwingine aliyeshiriki kutengeneza kazi hii, nikaandika hakuna, maana hadithi ni zangu, yeye alichora tu, tena kwa penseli na karatasi nilizonunua mimi, na anakula kwangu na analala kwangu, na kusema kweli niliogopa kwamba jina lake likiwemo kesho ataniambia kitabu ni chake. Cheti kikatoka, jina langu peke yangu, nikakitia kwenye foronya pamoja na kitabu.

Wiki tatu zilizopita nikapata homa, nikalala siku mbili sijitambui, na wifi akafua nguo zote za nyumba nzima pamoja na mashuka na foronya, nilipoamka nikakuta kitabu na cheti vimerudishwa vimepangwa vizuri ndani ya foronya safi, hakukosekana hata ukurasa mmoja, nilihesabu. Lakini tangu siku hiyo hachori tena mezani, anachorea chumbani kwake, nikiingia anafunga daftari, ananiita "mwalimu" wakati siku zote alikuwa ananiita "wifi yangu", na chakula anapakua anakwenda kula peke yake. Halafu mwalimu mwenzangu akaniambia kamwona ofisi ya hakimiliki, ameshika bahasha kubwa. Roho ilinipasuka, mshauri.

Juzi alipokwenda kuoga nikafungua mkoba wake. Ndiyo, nilifungua, wewe ungefanyaje? Nikakuta fomu ileile niliyojaza mimi, ameijaza kwa penseli, hajaipeleka bado, na pale penye wenye kazi ameandika mstari wa kwanza jina langu lote kamili, na mbele yake "maandishi", na mstari wa pili jina lake, na mbele yake "picha". Umeuona ujanja? Kaniweka mimi wa kwanza ili nisishtuke, kumbe anakikata kitabu changu katikati! Ile fomu nikaichukua, ninayo hapa, nimeificha mahali ambapo hata wewe sikuambii. Hajaiulizia.

Mume wangu nimemwambia, akasema nisimwingize, huyu ni dada yake na mimi ni mke wake. Alhamisi inafika. Naomba ushauri wako, niende polisi na cheti changu nimshtaki kabla hajaniwahi, au nimwambie mume wangu achague anayebaki katika nyumba hii, mimi au dada yake?

Mimi, Mwalimu Niliyezungukwa


MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, nyuma yangu yupo paka tu, naye hajui kusoma. Barua yako sikuichana. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nilicheka sana, ya pili nikakasirika, na hasira haijaniisha mpaka naandika hapa.

Kwanza pole. Miaka mitatu ya jasho si mchezo, na huyo mwenzako wa wimbo wa sabuni si wa kwanza kulia. Kuogopa kuibiwa si wazimu. Hata kwenda kusajili ulifanya vizuri, wengi huniandikia wakiwa wameshachelewa. Ila ulivyosajili, mama, umenichosha.

Tuanze na kurasa ulizozitoa. Haki ya hadithi zako haikuzaliwa siku ya cheti. Ilianza siku ulipoziandika kwenye karatasi. Cheti ni shahidi wako tu, na shahidi husema alichokiona. Wewe shahidi wako umemwonyesha kuku anayekataa kuingia bandani mara tisa, halafu basi. Akitokea mtu kesho akauza miisho yako sokoni, cheti hicho kitakutolea macho. Yule karani wa miwani ya kamba alikuuliza mara mbili, maskini wa Mungu, alikuwa anajaribu kukusaidia, wewe ukaona jambazi. Nakala zinazowekwa pale ndizo zinazokulinda. Ukiwaficha wanaotakiwa kukutetea, watakutetea kwa lipi?

Sasa nije kwa wifi, na hapa usikunje uso, nisikilize.

Unasema alichora tu. Kuku wako anatambulika kwa kitu gani? Mchapishaji alipocheka zile kurasa mbili, alisifu nini? Umeniandikia mwenyewe, alisifu picha, akarudia kusifu picha, nawe ukaona ni hila. Haikuwa hila, alipenda picha! Picha ni kazi, na ina mwenyewe kama hadithi ilivyo na mwenyewe. Penseli umenunua wewe, sawa, lakini mkono ulikuwa wa nani? Chakula na malazi ni mambo ya ndugu, havinunui mchoro wa mtu. Kama ulitaka zile picha ziwe zako, mngekaa mkakubaliana, mkaandikiana, akasaini akijua anasaini nini. Hamkufanya hivyo. Kwa hiyo kwenye lile swali, mwalimu wa miaka kumi na tisa, ulidanganya kwa maandishi kwenye karatasi ya serikali. Na mbele ya polisi unakotaka kukimbilia, kitu cha kwanza watakachokisoma ni hilo neno lako "hakuna".

Unajiuliza kwa nini wifi amebadilika, na jibu umelitia mwenyewe kwenye barua bila kulitazama. Wewe uko kitandani na homa, yeye anakuhudumia, anafua foronya yako, anakikuta cheti, anasoma. Anatafuta jina lake, hakuna. Miaka mitatu mezani, hakuna. Mwingine angekimwagia cheti chai, au angekuamsha na homa yako hiyohiyo mkakamatana. Yeye alikikausha, akakipanga, akakirudisha kwenye foronya safi. Kisha akaenda kimyakimya kuuliza mtu aliyesahauliwa anafanyaje, akapewa fomu. Na alipoketi na uchungu wake kuijaza, jina la kwanza aliloandika ni lako. Kamili. Wewe ulipoketi na furaha yako, lake hukuliandika hata la pili.

Halafu unafungua mkoba wake, unachukua karatasi yake, unaificha, na unaniuliza mimi nani atoke ndani ya nyumba. Nisikilize vizuri, mwalimu. Katika nyumba hiyo kuna mtu mmoja tu aliyechukua kisicho chake, na amefanya hivyo mara mbili.

Najua inauma. Sikuandikii ili ulie, ingawa ukilia kidogo haitakudhuru. Nakuandikia kwa sababu Alhamisi ukienda kwa mchapishaji na cheti hicho na kitabu hicho, utasaini kwamba vyote ni vyako, na siku wifi atakapodai chake, na ana haki ya kudai, mkataba utakugeukia wewe. Kitabu kitaondolewa madukani, na hao watoto unaowaandikia hawatamwona huyo kuku tena.

Kwa hiyo polisi huendi. Mume wako mwache apumzike, amesema kweli. Leo, si kesho, chukua ile fomu popote ulipoichimbia, usiirudishe mkobani kinyemela, mpe mkononi. Usianze na "unajua wifi, ilikuwa hivi na vile". Mwambie nilikufuta, nilifungua mkoba wako, nimekosea. Akikusema, msikilize mpaka amalize, hata akichukua saa nzima. Na kama hatakubali uzitumie picha zake, hiyo ni haki yake, utakwenda kwa mchapishaji na hadithi bila kuku, uone watacheka nini.

Akikubali, piga simu kwa mchapishaji umwambie wenye kitabu ni wawili na mnahitaji siku chache kusahihisha cheti. Kama ni mchapishaji wa kweli atasubiri, na akikataa kusubiri hapo ndipo nitakuruhusu umtilie shaka. Andikianeni nyumbani nani ana nini na mtagawana vipi, wote wawili msaini na mtu wa tatu ashuhudie, maana upendo wa wifi ni mzuri lakini nao uandikwe. Kisha nendeni wote kwenye ofisi ile, dirisha lilelile, mkiwa na kitabu kizima, kila ukurasa. Mwambieni karani kwamba usajili wa kwanza ulikuwa na makosa, na mwulizeni utaratibu wa kusahihisha. Kila nchi ina utaratibu wake, yeye ndiye anayeujua. Akikuuliza kwa nini ulificha, mjibu ukweli, atacheka, na wewe ucheke.

Mtapewa fomu mpya. Jaza sehemu yako. Ukifika pale penye wenye kazi, mstari wa pili, usimwandikie. Mpe kalamu, nyamaza, aandike jina lake mwenyewe.