Unga Mweupe Chini ya Moteri

Baba yangu mpenzi,

Jambo sana kutoka huku Baraka. Mgongo wako unaendeleaje huko Kindu? Mama ameacha kukohoa? Mimi mwili uko sawa, lakini uso wangu sina pa kuuweka.

Kituo cha afya hapa kina mtumbwi wa aliminiyo unaobeba wagonjwa ziwani kutoka Kazimia. Mwaka jana nilichukua mashine ya kuchomelea nikausudea kiti cha moteri, cha chuma. Kwa kuwa chuma na aliminiyo havishikani, katikati niliweka kile kipande cha kiwandani, upande mmoja chuma, mwingine aliminiyo, jinsi ulivyonifundisha. Juu nilipaka rangi vizuri. Chini, pasipoonekana, sikupaka, walikuwa wananiharakisha.

Juzi, mtumbwi ukiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa, kiti kikakatika, moteri ikabaki inaning'inia kwa mnyororo. Dereva, Papa Asukulu, alipiga kasia mpaka mikono ikatoka damu. Mama yule alijifungulia kwenye mchanga. Mtoto ni mzima, Mungu asifiwe.

Mkuu wa kituo akaniuliza mimi, fundi, kwa nini kiti kimekatika. Nikajibu bila hata kuinama kuangalia: "Dereva amegonga jiwe."

"Mi sikugonga jibwe, mwanangu," Papa Asukulu akasema. Wakamfukuza palepale, bibi yake wa ndoa akisikia watu wakimwita mlevi.

Nilipoupindua mtumbwi nitengeneze, nikaona. Pale chini nisipopaka rangi, chuma kinapokutana na aliminiyo, maji yalikuwa yameila aliminiyo. Unga mweupe ukanimwagikia mkononi kama wa muhogo. Alama ya jiwe hakuna. Baba, nilishika kitambaa nipanguse. Kisha nikakiacha, nikawaita mkuu na wale wote waliosikia uongo wangu, waje waone.

Papa Asukulu amerudishwa kazini. Nilimpigia magoti. Hakunifokea, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema tu, "We ukimaliza kusudea, tutaenda wote Kazimia. Utakaa nyuma, karibu ya moteri."

Jana tulikwenda. Safari hii nilikuwa nimepaka rangi kotekote, na kiti kilishika. Tulipofika Papa Asukulu alininyooshea mkono nishuke, mkono wenye vidonda bado, nikaushika nikitazama maji.

Nisalimie Mama, shangazi muuza mawese, na dada yangu mwalimu. Na majirani wakikuuliza habari za mwanao fundi, baba, usinisifu kwanza.

Ni mimi wako,
Kasongo