Sanduku Imenitangulia

Dada Afoyorwoth,

Salamu mingi kwa weye na wote wa nyumba yetu ya Bunia. Mama iko namna gani? Na macho yake? Mara ya mwisho uliandika kama anaona bado kivuli ya mutu mulangoni, lakini sura hapana. Mie niko muzima. Muguu iliyovunjika mu meli imepona, inaniuma tu wakati wa mvua. Lakini nimechoka, dada. Nimechoka mpaka kalamu yenyewe inanilemea.

Najua munaningojea. Niliandika kama nitapanda meli ya mwezi huu. Sikupanda. Umusomee Mama polepole, nieleze vile ilikuwa.

Port ya kisiwa hii ni kitu kidogo kweli, hata Mahagi-Port yetu inaipita kwa makelele. Iko wharf moja, gati ya mawe, grue moja ya kuinulia mizigo, yenye kutu, depo ya mabati ya manjanja na matanki mbili ya mazutu, mafuta ya mashini. Njo vyote. Lakini kila kitu inapita hapo: muchele, simenti, chaki ya masomo, mpaka mbao ya kuzikia watu. Meli ikichelewa, tunakula nazi na samaki na kuangalia bahari. Na haifikake wharf. Mawe ya bahari inazunguka kisiwa yote, iko nafasi moja tu ya kupita. Meli inasimama inje, siye tunaendea mizigo na barje, ile mashua pana ya kubeba vitu. Tena maji ya hapa si kama ziwa yetu: mara mbili kwa siku inarudi nyuma, na ile nafasi inafungwa. Mie njo ninafungaka kamba za barje tangu muguu ilipona.

Siku ile asubuhi nilipeleka sanduku yangu mu meli, nikaiachia mupishi wa meli, mutu wa Mombasa. Ananichekaka sana: "Wewe Mzairi, Kiswahili chako kimevunjika kuliko mguu!" Nikarudi inchi kavu kuchukua mizigo ya mwisho. Hapo Mama Malia, ule muzee mwanamuke aliyenilaza kwake mwaka muzima tangu meli iliniacha hapa na muguu imevunjika, akaniita: chakula iko tayari. Alichinja nguruwe moja aliyobaki nayo, akaipika ndani ya udongo na mawe ya moto. Dada, ningefanya nini? Mama mwenyewe alitufundisha: nyumba iliyokulaza, ukitoka bila kula umeitukana. Nikakaa. Akaomba Mungu, maombi murefu ajabu! Akaombea hata macho ya Mama, sababu nilimwambiaka. Sirène ya meli ikalia, ya kuita watu. Nikajisemea: watangoja, kamba ni zangu. Kwetu ziwani mutumbwi haitokake kama mutu angali na mukono mu sahani. Ikalia tena.

Nilipofika wharf, barje ilishapita kule ng'ambo ya mawe, na maji ilikuwa inashuka. Chef wa port, mukubwa wetu wa kazi, aliniangalia tu, akasema: "Bahari haina ndugu, bwana." Nikasimama na mafuta ya nguruwe ku vidole. Nililia, sitakuficha.

Meli ingine ni kisha miezi mbili, na safari yenyewe ni miezi ingine. Mama anivumilie. Nitakuja.

Barua hii inaenda na ndege ndogo ya posta, inayobeba barua na wagonjwa tu. Sanduku itafuata nyuma: mupishi ataiteremsha Mombasa, aipatie wafanyabiashara wa kwetu wanaopitia Kampala.

Unisalimie shemeji wangu, fundi wa baiskeli, na Baba mudogo kule Mahagi-Port. Umwambie nyavu zake ningeshona mie, kama ningekuwa karibu. Na watoto wote.

Ndugu yako,
Udaga

Hii ni ya weye peke yako, usiisome kwa sauti. Mu sanduku iko kitambaa mupya ya Mama, na chini yake shimizi yangu ya kazi, shati ile ninafungaka nayo kamba. Niliitupa mule ile asubuhi na jasho yake. Usiifue. Kama nachelewa na macho inakwisha, umuwekee mu mikono, umwache anuse. Hatauliza ni ya nani.