Waya Usio na Kwao

Shianda, Kakamega
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Kwa Baba yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Shikamoo Baba, na shikamoo nyingine mfikishie Mama kabla hajaanza kulalamika kuwa barua zangu zote ni zako. Goti linaendeleaje? Nasikia bado unapanda ngazi kufunga antena za watu. Usidhani kaka Salimu hanipashi habari, kila kitu ananiambia. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila roho haijatulia. Ningekupigia simu, lakini tangu masikio yako yaanze ukaidi nikikupigia mtaa mzima unajua mambo yangu isipokuwa wewe. Tena hili linakuhusu wewe mwenyewe. Nilichokifanya jana nilikifanya kwa mkono uliofundishwa na wewe.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana ukiulizwa na wenzako msikitini unasema "kompyuta" halafu unakohoa. Basi ngoja nikueleze, kwa sababu usipojua kazi hutajua kosa.

Kituo chetu hupima miwa ya wakulima kabla haijaenda kiwandani. Tuna kompyuta nne: ya langoni, ya mizani, ya chumba cha kupimia utamu, na ile kubwa ya ofisini inayotunza majina ya wakulima. Kila moja ina namba yake, kama sanduku la posta, na haziruhusiwi mbili kuwa na namba moja. Waya wa kila kompyuta unaingia kwenye kisanduku chenye matundu manane. Tunakiita swichi, ingawa hakiwashi taa ya mtu. Mizani ikiuliza "huyu mkulima ni nani?", swali linafika kwenye swichi, swichi inatazama namba na kulitoa kwenye tundu la kompyuta kubwa tu, na jibu linarudi vivyo hivyo. Ukitaka kutoka nje ya kituo, uende ofisi za mjini Kakamega au hata Uchina, kuna kisanduku kingine, ruta, hicho ndicho bawabu wa mlango wa nje. Huo ndio mtandao, Baba. Hauna uchawi wowote, ni anwani, waya na mgawa barua.

Kuna jambo moja zaidi. Kompyuta isipojua mwenzake yuko wapi, hupiga ukelele: "Nani mwenye namba hii?" Ukelele huo swichi huupeleka matundu yote, mwenye namba ajitokeze. Shika hapo hapo.

Sasa nikwambie habari ya Mama Makokha, mwenye nyumba wangu. Mjane, mkulima, mdomo mkali na moyo mweupe. Wiki niliyofika, alikamata jogoo wake, ingokho wenyewe wanavyomwita, akambeba mpaka kwa jirani Mwislamu achinjwe huko, ili mimi nile bila wasiwasi. Hakuniuliza wala sikumwomba. Huyo ndiye aliyenipokea nilipokuwa sijui hata njia ya kwenda kisimani.

Jumatatu moto ulitoka shamba la jirani ukala miwa yake yote. Miwa ya karibu miaka miwili, Baba, ndiyo shamba lake lote. Miwa iliyoungua bado ina sukari, ila inaharibika upesi. Langoni kwetu kuna tangazo limebandikwa: miwa iliyoungua haipokelewi siku ya tatu ikishapita saa sita mchana, isipokuwa ucheleweshaji uwe umetoka kwa kituo chenyewe. Alikata na wakataji wake usiku na mchana, trekta akalipata jana asubuhi, siku ya tatu yenyewe. Kufika saa mbili yuko langoni, uso wake na masizi, akacheka aliponiona. "Rehema, nimewahi!" Bawabu akamwandika kwenye daftari lake.

Hakuwahi kitu. Mtandao ulikuwa umekufa tangu saa moja.

Huku radi si mchezo. Jioni mbingu hupasuka kama kuna ugomvi huko juu, na desturi yetu kila jioni ni kuchomoa waya zote kwenye swichi na kuzima umeme, asubuhi tunachomeka upya. Kazi hiyo ni yangu. Jana asubuhi nilichomeka, nikawasha, nikaenda zangu kunywa chai. Niliporudi, karani wa mizani yuko mlangoni ananiita kwa mikono miwili. Kompyuta haziwasiliani, na mizani haitoi karatasi mpaka jina la mkulima litoke ofisini. Taa za swichi zilikuwa zinawakawaka zote pamoja, mbio mbio, kama zimepandwa na shetani.

Nilizima nikawasha, wapi! Nikaangalia namba, labda mbili zimegongana, nikabadilisha moja baada ya nyingine, hakuna kitu. Saa tatu. Saa nne. Nje matrekta yamejipanga mpaka barabarani, jua linawaka, na miwa ikikaa juani uzito unapungua, wenyewe wanajua. Wakaanza kunijia dirishani.

"Sisi tunalima na jembe, nyinyi mnatumaliza na vitaa!" mzee mmoja akaniambia. Mwingine, "Toeni huyo msichana wa pwani, leteni fundi!"

Baba, unanijua hasira zangu. Nikisukumwa natafuta wa kumsukuma. Betty, dada anayetusafishia, alikuwa amepiga deki ofisini alfajiri. Nikamgeukia mbele za watu. "Ni wewe! Ulikuwa unafanya nini chini ya meza? Ni nani alikutuma uguse?"

"Mimi sishikangi waya zako," akasema.

"Basi zimejishika zenyewe?"

Bwana Wafula, msimamizi wetu, alikuwa hapo, jasho limemlowa shati. Akamwambia Betty avue lile koti la kazi, aende akae kwenye benchi la nje, mambo yake yataamuliwa. Nikamwona akikunja koti polepole, akaliweka juu ya ndoo. Na mimi nikarudi kwenye swichi yangu nikijiona nimefanya kazi.

Saa tano unusu Mama Makokha alikuja dirishani. Wengine walikuwa wakipiga kelele, yeye akaongea chini chini. "Mwanangu, hiyo kitu yako itaamka?"

"Itaamka, Mama."

"Kabla ya sita?"

Nikajifanya nasoma kitu.

Ilipita sita. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukinipiga kofi la kisogo nikitengeneza redio kwa kutazama tu: "Fuata waya kwa mkono, macho huongopa!" Nikazima kila kitu, nikaingia chini ya meza, nikashika waya wa kwanza nikaufuata kwa vidole mpaka mwisho wake. Wa pili. Wa tatu. Nikashika waya mmoja mweupe kwenye tundu la tano, nikaufuata ukazunguka mguu wa meza, ukapita nyuma ya kabati, ukapanda. Ukaingia tundu la saba. La swichi ile ile.

Lo! Nilikaa pale chini, waya mkononi. Ule ni waya wa akiba, wa kujaribia kompyuta, haukupaswa kuchomekwa popote. Asubuhi nilikuwa nimechomeka ncha moja bila kuangalia, kisha nilipokuwa natoka nikaona ncha nyeupe inaning'inia ukingoni mwa meza. Na mimi ni mtoto wa nani? Wa fundi ambaye kila jioni kabla ya kufunga duka husema waya unaoning'inia ni aibu ya fundi, kila waya una kwao. Mkono wangu ukauokota ukautafutia kwao. Tundu la saba lilikuwa wazi.

Utaelewa wewe kuliko mtu yeyote. Unakumbuka harusi ya binamu, mwimbaji aliposogeza kipaza sauti mbele ya spika, ikalia ile kelele ya kutoboa masikio? Sauti inatoka, inaingia tena, inatoka na nguvu zaidi. Ndivyo ilivyokuwa. Ule ukelele wa "nani mwenye namba hii?" ulitoka tundu la tano ukaingia la saba, swichi ikadhani ni mpya, ikautuma tena kote, ukazunguka tena na tena, mpaka hakuna swali jingine lililopata njia ya kupita. Nikachomoa ncha moja, nikawasha. Taa zikatulia. Karani akapiga kelele kutoka kwenye mizani, "Imerudi!" Ilikuwa saa sita na robo.

Bwana Wafula akafunga mlango. "Ilikuwa nini?"

Nikamwonyesha waya. Akauchukua, akaugeuza mkononi.

"Kuna mtu mwingine ameona?"

"Hapana."

"Basi andika radi. Jana ilipiga, kila mtu alisikia. Radi haifutwangi kazi."

"Na Betty?"

"Ikiwa ni radi, Betty atarudi kazi yake. Wewe pia unabaki na yako. Uko bado kwa miezi ya majaribio, Rehema, usijifanye shujaa."

"Na miwa ya Mama Makokha?"

Sote tulijua jibu. Radi ni kazi ya Mungu, si ya kituo. Ikiandikwa radi, ile miwa inageuzwa langoni na kwenda kumwagwa.

Nisikudanganye, Baba, nilitamani. Huyu bwana hakuwa mbaya, alikuwa ananiokoa. Nilishika kalamu, nikaandika tarehe na saa. Nikafikiria mkopo wa kusomea ambao bado haujaisha, nikafikiria Mama anavyoniringia huko kwa majirani. Kisha nikatazama dirishani. Mama Makokha alikuwa ameinama chini ya trela lake, anaokota vipande vya miwa vilivyoanguka, anavifuta vumbi kwa kanga na kuvirudisha juu, kimoja kimoja. Alikuwa bado anangoja kupimwa.

Nikaandika: hitilafu imesababishwa na fundi wa kituo, Rehema, aliyechomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi moja, tangu saa moja asubuhi hadi saa sita na robo. Betty hahusiki. Nikatia sahihi. Bwana Wafula akasoma, akasonya, akasema, "Haya, shauri yako."

Nikatoka nje nikayasema hayo hayo kwa sauti mbele ya matrekta yote, maana Betty nilimwaibisha mbele za watu. Kilichofuata nisikuandikie chote. Yule mzee alitema mate chini. Mmoja aliniambia nirudi kwetu nikavue pweza. Nilisimama tu, machozi yananitoka na sikuyafuta. Lakini daftari la bawabu lilionyesha saa mbili, karatasi yangu ilionyesha kosa ni la kituo, na trela la Mama Makokha likapanda mizani saa saba kasoro. Likapokelewa, Baba. Lote!

Nilimfuata Betty kwenye benchi. Nikamwambia nisamehe dada yangu, nilikusingizia. Akavaa koti lake, akafunga vifungo mpaka cha juu. "Nimesikia," akasema, akachukua ndoo yake akaenda. Sikutegemea zaidi ya hapo, ingawa iliniuma.

Mimi nimeambiwa nikae nyumbani. Jumatatu naitwa mjini kwa wakubwa, na Bwana Wafula hakunificha kwamba nisitegemee mazuri. Naogopa. Nakwambia wewe kwa sababu Mama nitamwambia mimi mwenyewe, tafadhali usimtangulie. Jana nilirudi nikajifungia chumbani, Mama Makokha akagonga mlango kwa mwiko wa obusuma, ugali wao wa huku, nausikia mpaka sasa. "Toka ule. Mambo ya Jumatatu ni ya Jumatatu." Tukala. Hakunishukuru na mimi sikutaka anishukuru, kwa maana moto wa pili ni mimi niliyetaka kuuwasha. Alinipakulia tu mara mbili, akakaa akinitazama mpaka nikamaliza.

Nikifukuzwa nitapanda basi nije nikusaidie dukani, na utanivumilia. Nisipofukuzwa, nitamletea Mama zawadi kwa mkono wangu. Niombee dua, Baba. Usiombe nisiadhibiwe, omba nisijutie karatasi ile hata wakiniadhibu.

Nisalimie kaka Salimu, mpasha habari wangu, umwambie na hii aipashe sawasawa. Nisalimie Bibi Mwanahamisi, mama yako mzazi, umbusu mkono. Nisalimie shangazi Zuhura anayeuza mahamri, na yule jirani mshona kanzu aliyesema bara nitamaliza mwezi mmoja. Mwambie nimemaliza mitano.

Barua hii nitampa utingo wa basi la Mombasa, akifika Salimu atakwenda kuichukua. Ndani ya bahasha utakuta waya mweupe. Ndio wenyewe. Usiuunge na chochote. Ufunge msumarini juu ya meza yako ya kazi, ncha zote mbili zining'inie, na mteja akikuuliza mbona fundi mzima umeacha waya hauna kwao, mwambie ni wa binti yako, halafu umsimulie yote, hata lile la Betty.

Mwanao akupendaye,
Rehema