Glasi Tatu Mbele ya Jjajja

Makindye, Kampala
Siku ya nne baada ya Noeli

Dada yangu Noella,

Pokea salamu zangu zikiwa bado na joto la jikoni. Miguu ya Mama inaendeleaje? Na kifua chako kimepoa? Mimi ni mzima, ila nina ugonjwa mmoja ambao dawa yake haiuzwi popote, ndiyo maana naandika kwa mkono. Simu yako husomwa na nyumba nzima. Ugonjwa wenyewe ni wivu.

Unajua nina miaka sita katika hoteli hii ya Ggaba, na mitatu ya kwanza nilikuwa naosha glasi. Divai sikuisoma darasani, niliisoma kwenye mabaki. Sahani ikirudi tupu na glasi ikirudi nusu, najua hivyo viwili havikupatana. Nyekundu isiyo na sukari kwa samaki wa kukaanga, glasi hurudi karibu kama ilivyokwenda. Nyeupe yenye utamu kidogo kwa luwombo, yaani kuku wa mchuzi wa karanga anayepikwa ndani ya jani la mgomba, hairudi hata tone la kuonja. Na mimi nilikuwa naonja.

Basi mwezi wa kumi na moja Madamu, mwenye hoteli, akamleta Rogers, bwana mmoja aliyesomea divai Afrika Kusini. Ana cheti, ana tai, na huizungusha glasi kabla ya kunusa kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha humo ndani. Madamu akasema atakayeng'ara sikukuu hizi ndiye atakuwa mkuu wa divai mwaka mpya. Nafasi hiyo, dada, nilikuwa nimeshaivaa moyoni kama kitenge kipya. Kibaya zaidi, Rogers anaijua kazi. Mbuzi wa kuchoma alimpa nyekundu ileile ambayo ningempa mimi. Nilitafuta kosa, nikalikosa, na hilo likaniudhi kuliko kosa lenyewe.

Wiki moja kabla ya Noeli tulikuwa tunapanga meza ya familia moja ya Mengo, watu kumi na wanne, mkubwa wao Jjajja, ndivyo wanavyomwita bibi yao. Rogers akatuuliza sote kama kuna jambo la familia hii analopaswa kulijua. Mimi nilijua. Pasaka nilimhudumia Jjajja kwa mikono yangu. Ni mlokole, na alirudisha keki nzima kwa sababu ilinukia pombe. Nikaendelea kufuta glasi. Niliifuta glasi ile mpaka ikanionea huruma.

Siku yenyewe, kila chakula na divai yake, Rogers akapanga glasi tatu mbele ya kila mtu. Jjajja akazitazama zake. Akaigeuza ya kwanza kichwa chini, kisha ya pili, kisha ya tatu, taratibu, kama anayefunika vyungu. Wanawe, watu wazima wenye mvi na magari makubwa, wakaondoa mikono kwenye glasi zao. Nani angekunywa mbele ya mama? Luwombo ikaanza kupoa. Rogers akanitazama. Dada, uso ule nilikuwa nimeungoja wiki nzima, na ulipokuja haukuwa mtamu.

Nikakimbia jikoni. Wapishi walikuwa na mubisi wao, maji ya ndizi mbivu. Nikautia barafu, nikaenda kupiga magoti kando ya bibi kama wanawake wa hapa wanavyofanya.

"Jjajja, huu ni mubisi. Umekamuliwa leo asubuhi, haujalala ukawa pombe."

Akainua glasi moja, nikammiminia. Akanusa, akaonja, akala kijiko cha mchuzi, akaonja tena. Kisha akawageukia wanawe.

"Nyinyi kunyweni vyenu. Munafikiri miaka yote hii mimi sina pua?"

Meza nzima ikacheka, hata Rogers aliyekuwa anatoka jasho. Sahani zilirudi tupu, na glasi vilevile.

Rogers hakunificha. Alimwambia Madamu mbele ya wafanyakazi wote kwamba mubisi ulikuwa akili yangu, na kwenye orodha ya vinywaji vya Mwaka Mpya akaandika jina langu juu ya lake, na jina la juu ndilo la mkuu wa divai. Angekuwa mtu wa majivuno ningepumzika. Aliniuliza tu nilijua tangu lini. Nikasema nimeona pale bibi alipogeuza glasi.

Hayo ya juu nilikuandikia jana. Usingizi ukakataa, na leo asubuhi nimemwambia ukweli. Alikuwa anapanga chupa, hakugeuka.

"Najua, Furaha. Mpishi aliniambia siku ileile, baada ya chakula, kwamba Pasaka ulikuwepo."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Akachukua kalamu. Jina langu hakulifuta. Alilihamisha tu, akaliweka chini ya lake, na Madamu ameshatia sahihi. Wivu umenirudia palepale, dada, ila safari hii hata mimi siwezi kusema nimeonewa.

Mwambie Mama nakula vizuri, hilo si uongo. Msalimie shemeji Deo na redio zake anazozifungua asizifunge, na shangazi Bora aliyenifundisha kupika. Mjomba Kasigwa, mzee wa kanisa, msalimie pia, lakini barua usimsomee.

Ni mimi mdogo wako, nisiyemwonea wivu mtu mwingine ila huyo mmoja,

Furaha