Tabasamu la Akoia

Jumatatu, 24 Juni

Majina yametoka. Katikati, mstari wa mbele: Akoia. Mimi – akiba. Akiba! Mwaka wa tatu huu nacheza ngoma kundi la Kaskazini, nimekosa mazoezi kidogo tu kwa ajili ya kifundo cha mguu, na Mwalimu Tamuera ananiambia nipumzike, nitawafaa wenzangu kwa kupiga makofi. Akoia kaja Tarawa mwezi wa pili, kutoka kisiwani kwetu Marakei. Anakaa nyumbani, analala mkeka mmoja na mimi, anatumia sabuni yangu. Ni mtoto wa baba mkubwa, kwa hiyo ni dada yangu, na nimempongeza. Mbele ya watu nimempongeza.

Anacheza vizuri. Naliandika hilo nisije nikasema sikuliona. Akinyoosha mikono na kugeuza shingo, unasahau kwamba ndiye huyu huyu anayekoroma.

Jumatano, 26 Juni

Chakula cha mchana. Mtu kauliza kama kuna nafasi kwenye benchi, nikajibu: nguruwe ameshakaa. Akoia akapaliwa, wali ukamtokea puani. Wote wanauliza kuna nini, na sisi hoi, hatuwezi kueleza.

Ni mambo ya utotoni. Nguruwe wa mchungaji aliingia kanisani katikati ya mahubiri, akajilaza kando ya mama mchungaji, na mzee mmoja wa kanisa akasimama akatangaza kwa heshima zote kwamba nguruwe ameshakaa, ibada iendelee. Tangu siku ile Akoia akiyasikia maneno hayo hajiwezi.

Mwalimu Tamuera alikuwa anapita. Akamwambia Akoia acheke amalize kabisa, maana Jumamosi kwenye mashindano atakayeonyesha jino atakiona. Kana kwamba hatujui. Ukicheza unaweza kulia, watu watasema ngoma imekuingia. Lakini ukitabasamu umelitia aibu kundi, na ukoo, na kisiwa kizima.

Jumamosi, 29 Juni

Tumeshinda. Tumewashinda Kusini, sisi ndio tutakaocheza Siku ya Uhuru.

Sijui nianzie wapi.

Maneaba ya shule, ule ukumbi usio na kuta, ilijaa hadi watu wakakaa nje juani. Wanaume wanalipiga sanduku la mbao kama ngoma, waimbaji wanazidi kukaza, na Akoia pale katikati kama hayupo duniani. Akina mama, kama ilivyo desturi, wakaanza kuinuka kuwapulizia wachezaji manukato, wengine na poda. Nami nikainuka na chupa ya mama. Ni haki yangu, mimi ni dada yake! Nisingeinuka, watu wangesema.

Nikampulizia shingoni. Nikampulizia mabegani. Alikuwa anatetemeka, machozi yanamlengalenga. Nikasogeza mdomo kwenye sikio lake nikasema: nguruwe ameshakaa.

Hakucheka kwa sauti. Midomo kwanza, halafu meno. Kitambo kidogo tu, akajirudi. Lakini majaji wamekaa mbele kwa kazi hiyo hiyo, na nilimwona mmoja akiinama kuandika.

Nikarudi mahali pangu nikapiga makofi. Mama mmoja akaniambia ninavyompenda dada yangu inaonekana.

Ilikuwa mzaha. Ulimi uliteleza.

Jumapili, 30 Juni

Sikwenda kanisani. Nimesema tumbo.

Haikuwa mzaha. Nilipoinuka na chupa nilikuwa tayari ninajua.

Jumatatu, 1 Julai

Mwalimu Tamuera katuita. Amesema tumeshinda kwa sauti za waimbaji tu, na kwamba Siku ya Uhuru taifa zima litakuwa linatazama, hawezi kuweka katikati mtu anayechekacheka. Akamuuliza Akoia kulikoni. Mimi nimesimama pale pale, bega kwa bega naye. Akoia akasema alijisahau.

Nikaangalia miguu yangu.

Halafu mwalimu akanigeukia: mguu umepona? Nikasema umepona. Upesi gani ule! Hata hakuwa amemaliza kuuliza.

Nikatembea na Akoia mpaka kwenye duka la mkate. Akasimama.

"Ulitaka kunituliza, siyo? Uliniona natetemeka."

Kanipa mwenyewe uongo, umekwisha kuiva, mimi kazi yangu kuupokea tu.

"Ndiyo," nikasema.

"Nilijua. Basi yaishe. Ila baba akija kututazama usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe kwamba nilicheka."

Akanunua mkate, akanikatia kipande kikubwa. Nimekila.

Jumamosi, 6 Julai

Baba mkubwa amefika na meli. Kachoka, macho mekundu, kaleta samaki wakavu na magimbi, na mshipi wa kiunoni uliosukwa kwa nywele. Ni nywele za bibi yetu, marehemu, walizosuka shangazi zetu. Haujawahi kutoka Marakei. Ameuleta kwa ajili ya Akoia, avae atakapokuwa katikati. Kijiji kizima kinajua.

Akoia akamwambia wakati wa kula. Kwa kifupi, bila kulia. Kwamba alitabasamu, wamemtoa, nafasi nimepewa mimi. Mama akakohoa. Baba mkubwa akaendelea kutoa miiba kwenye samaki.

"Yaani nimetapika baharini njia nzima," akasema, "kuja kutazama meno."

Hakuna aliyecheka. Akoia akaomba radhi. Akaomba radhi yeye! Na mimi mdomo umejaa gimbi.

Alipomaliza kula akaninyooshea ule mshipi. Akasema nichukue, bibi alikuwa wetu sote wawili. Ni mwepesi. Nilidhani utakuwa mzito.

Jumatano, 10 Julai

Leo nilikusudia kabisa. Baba mkubwa alikuwa nyuma ya nyumba anakwangua nazi, nikaenda nikachuchumaa karibu yake. Nikasema, baba, kuhusu Akoia. Akaniinulia mkono. Akasema nina moyo mzuri kumtetea dada yangu, lakini nisimharibu, acha aonje aibu ili akili imkae. Nikasema ndiyo, baba. Nikaufyata, nikamwokotea vifuu.

Ningeweza kusema tena. Mdomo ulikuwa wangu. Ninajichukia.

Na liko baya zaidi, nalo naliandika kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Mazoezini ninacheza vizuri. Mwalimu Tamuera kasema leo nimerudi nilivyokuwa zamani. Nilifurahi. Nilifurahi huku Akoia amekaa nyuma na waimbaji, anapiga makofi.

Ijumaa, 12 Julai

Uwanjani, Bairiki. Daftari nimelificha chini ya poda kwenye mfuko. Waliotutangulia wanamalizia, sisi tumekaa kwenye mikeka nyuma ya jukwaa, mafuta yanatuchuruzika.

Akoia hayumo kabisa leo. Mwalimu alimtaka kwa waimbaji, akaomba aruhusiwe kukaa na baba yake. Lakini amekuja huku nyuma kunivalisha. Amenifunga mshipi wa bibi mwenyewe, amepiga magoti, ameukaza mpaka nikashindwa kuvuta pumzi. Hapo ndipo nikasema. Mikono yake ikiwa kiunoni kwangu, nimemwambia sikutaka kumtuliza. Nimemwambia nilijua atacheka, na nilitaka acheke.

Hakuinua uso. Akamalizia fundo. Akalikagua kwa kidole.

"Najua," akasema. "Pale dukani nilitaka nione kama utaniambia."

Nikataka kumshika mkono. Ameshauondoa. Nikamwambia nitakwenda kwa Mwalimu sasa hivi, nivue, avae yeye. Akasema nisiwe mjinga, baba ameshakaa anasubiri kuuona mshipi wa mama yake, basi nicheze. Akauliza chupa ya manukato iko wapi. Nikaonyesha mfuko. Akaichukua.

"Nitakuja kukupulizia," akasema. "Mimi ni dada yako. Nisipoinuka, watu watasema."

Makofi. Wenzetu wanatoka, Mwalimu Tamuera anatuonyesha kwa mkono tujipange. Kuna upenyo kati ya mapazia. Ninamwona Akoia mstari wa mbele wa watazamaji, kando ya baba mkubwa, uso mkavu, haonyeshi kitu. Chupa imo mkononi. Kifuniko ameshakifungua.