Nyuma ya Fomu

Jumatatu, 5 Februari 2024
Leo nimepewa kazi yenye maana, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Mzee Twalibu, mkurugenzi wa shirika letu, kanikabidhi nichague mashine za ku-scan fomu. Fomu za wakimbizi wote tuliowapokea hapa Fort Worth, Texas – makabati manne yamejaa, la tano halifungi. Anataka zote ziingie kwenye kompyuta, na kompyuta isome mwandiko yenyewe. Kasema mimi Prudensia ndiye niliyesomea mambo haya, niwaambie tu wanunue nini. Nimerudi nyumbani Irving naimba garini.

Alhamisi, 8 Februari
Nimesoma maelezo ya mashine mpaka macho yanauma. Zile za kulaza karatasi moja moja kwenye kioo – hapana, tutazeeka. Tunataka inayovuta karatasi yenyewe, hamsini kwa mkupuo. Kompyuta nayo iwe na memori kubwa, maana programu ya kusoma mwandiko inakula memori vibaya.

Zimebaki skana mbili. Moja inasoma pande zote mbili za karatasi kwa mara moja. Nyingine upande mmoja tu, lakini ndogo, ya haraka, na bei karibu nusu. Fomu yetu imechapwa upande mmoja. Nyuma ni nyeupe. Sasa hiyo ya pande mbili ya nini?

Ijumaa, 16 Februari
Nimewasilisha kikaoni. Nilikuwa nimejaza fomu ishirini kwa mkono wangu, nikazipitisha kwenye mashine ya majaribio. Haikukosea hata herufi. Mzee Twalibu akauliza kama hatutajutia ile ya pande mbili. Nikamwambia, Mzee, mtu hanunui gari la viti saba akiwa anaendesha peke yake. Wakacheka wote. Ile ya upande mmoja imepita. Nilijisikia mtu kweli.

Jumatatu, 4 Machi
Mashine zimefika, nimezifunga mwenyewe. Atakayelisha karatasi ni Jedidah wa mapokezi – Mkenya, mama wa makamo, mtu wa kanisani, anaujua mwandiko wa kila mteja. Fomu ya tatu tu, akaigeuza. "Na hapa nyuma, Pru? Si kuna watu huandikanga?"

Nikamjibu fomu haina nyuma. Nikaongeza kwamba akianza kugeuzageuza hatamaliza hata Krismasi. Akasema haya, wewe ndiye unajua mambo ya machine. Akaendelea kulisha.

Ijumaa, 31 Mei
Lori la kuchana karatasi limekuja, makabati matatu sasa ni matupu. Utaratibu nimeuandika mimi: siku sitini baada ya ku-scan, karatasi inachanwa. Na leo nimethibitishwa kazini! Jedidah kaleta keki. Nimempigia Dada Glory, nesi huko Katy, karibu na Houston, kapiga kigelegele hadi wagonjwa wake wamesikia.

Jumanne, 17 Septemba
Sijui nianzie wapi.

Asubuhi amekuja Précieux, yule Mkongomani anayefanya kazi ghala la matairi. Mkewe na watoto bado wako kambini, Kigoma. Wakili wetu alipeleka maombi yao mwezi wa nne, akitoa habari kwenye mfumo wetu. Wiki iliyopita mkewe akaitwa kuhojiwa. Akaulizwa una watoto wangapi. Akasema sita. Karatasi zinasema wanne.

Sasa faili limesimamishwa. Maofisa wa uhamiaji wanasema hawa wawili wametoka wapi? Wanadhani Précieux anapenyeza watoto wa watu. Wakili kaeleza kuna njia moja: tuonyeshe kwamba Précieux aliwataja wote tangu siku ya kwanza. Tusipoonyesha, mama anaweza kuja na wanne, wawili wabaki. Kati ya hao wawili, Mapendo ana miaka saba. Byamungu ana mitano.

Précieux hakupandisha sauti. Alisema, "Batoto bangu ni sita, nilibaandika bote. Kule mbele nafasi ilikwisha, njo nikapindua karatasi, nikaandika babili kule nyuma." Akaonyesha kwa kiganja, akigeuza karatasi ambayo haipo, ilishachanwa.

Mistari ya watoto kwenye fomu ni minne. Minne! Na mimi nilizijaza zile ishirini za majaribio nikiwa mtu asiye na hata mtoto mmoja. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi mezani.

Jumatano, 18 Septemba
Nimeuliza mfumo: nionyeshe familia zenye watoto zaidi ya wanne.

Hakuna.

Wakongo, Warundi, Wasomali, familia mia sita na kitu – hakuna mwenye mtoto wa tano. Halafu nikauliza wenye wanne kamili. Themanini na tatu. Nikazima kompyuta kana kwamba mtu alikuwa nyuma yangu.

Nani asiyejua tabia yetu? Shuleni karatasi ikiisha tuligeuza. Baba akiandika barua, mbele ikijaa anageuza, tena anamalizia pembeni. Mzungu angekosea hivi ningesema hajui watu wetu. Mimi nimezaliwa nyumba ya watoto wanane! Nyumbani kwetu Muleba mistari minne isingefika hata kwangu. Mimi ni wa saba.

Alhamisi, 19 Septemba
Mzee Twalibu ametuita, mimi na Jedidah. Kauliza nani alilisha fomu ya Précieux. Mfumo unaandika jina la mtumiaji, kwa hiyo swali lilikuwa na jibu tayari. Jedidah akasema, "Ni mimi." Mzee akamuuliza kwa nini hakugeuza. Jedidah akanitazama. Si kwa hasira, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi.

Sikumalizia. Nilitazama viatu vyangu.

Kaambiwa atapewa barua ya onyo. Mzee hajui kama mashine yenyewe haisomi nyuma, alishasahau habari za kikao. Anadhani kuna siku moja mama alichoka akakosea karatasi moja. Na mimi nikamwacha adhani hivyo.

Mchana nimefungua kabati la fomu ambazo hazijachanwa, za miezi miwili hii. Nikazigeuza moja moja. Kumi na moja zina majina nyuma. Majina ya watoto, umri, moja imechorewa mshale mbele wa kusema geuza. Hizi ndizo ushahidi! Zikionyeshwa kwa wakili pamoja na maelezo yangu kwamba mashine haioni nyuma, Précieux anaaminika. Lakini maelezo hayo lazima yatoke kwa aliyeichagua.

Lori linarudi Jumanne. Nimetia hizo kumi na moja kwenye boksi, nikalificha kwenye buti la gari. Najiambia nimeziokoa. Pia hakuna mwingine atakayeziona. Yote mawili ni kweli, na nafsi inanisuta.

Jumamosi, 21 Septemba
Katy. Mwendo wa saa nne na nusu, boksi nyuma. Dada Glory kapika ndizi kwa nyama, sikumaliza sahani. Nikamwambia kuna rafiki yangu kazini kakosea jambo, mwenzake anabebeshwa lawama, afanyeje. Akawa anakunja nguo za watoto, hakuacha. Akasema hospitalini kwao kosa linaandikwa siku hiyo hiyo, maana likilala linazaa. Kisha akaniuliza huyo rafiki ana jina?

Nikasema humjui.

Akasema, "Mficha uchi hazai, mdogo wangu." Akaweka soksi juu ya soksi, akaenda kuwaogesha watoto. Nilibaki sebuleni nikimchukia kidogo kwa kuwa sahihi. Ningeweza kumwambia. Niliogopa ataacha kunisifu kwa watu wa kanisani kwake.

Jumatatu, 23 Septemba
Mzee Twalibu kataka maelezo ya kitaalamu kwa ajili ya wakili, nusu ukurasa, na sahihi yangu. Yaseme mashine ilikuwa nzima, inafanya kazi ipasavyo. Nimeandika: "Mashine ilifanya kazi kama ilivyokusudiwa." Ukweli mtupu. Sijawahi kuandika uongo mkubwa namna hiyo.

Nimeandika na barua nyingine. Hiyo inasema nilichagua mimi, niliulizwa na Jedidah nikamkatisha, na kuna familia themanini na tatu za kuchunguzwa. Iko kwenye droo. Nikiitoa, kazi kwaheri, tena hapa Texas habari zinatembea: Jumapili moja tu, Waswahili wote kuanzia Irving mpaka Houston wanajua.

Jioni Jedidah alinikuta kwenye maegesho. Nilijua sasa atanisema, na nilitaka kweli aniseme. Badala yake akaniuliza kama ninakula, eti nimekonda. Akasema ameshaikubali barua ya onyo, kaitia sahihi kwamba kosa ni lake. Wakili alimwambia kesi ya Précieux itasonga kukiwa na mtu anayekiri. "Mi nimezeeka, Pru, watanifanya nini? Wale watoto ndio wadogo."

Nimeandika mengi humu leo ili nisiandike hili: nilifurahi. Kabla ya aibu, kabla ya huruma, nilifurahi. Mungu anisamehe.

Jumanne, 24 Septemba
Saa tatu asubuhi. Wakili amepiga simu, Mzee ameiweka kwenye spika. Anashukuru kwa barua ya Jedidah lakini haitoshi. Mtu mmoja kusema alikosea siku moja, watasema amepangwa. Ameuliza kama kuna jambo lingine lolote, kama fomu nyingine zimewahi kukosewa. Mzee amenigeukia mimi. Nimesema nitaangalia.

Nitaangalia! Boksi liko hatua hamsini kutoka hapa nilipo.

Saa nne. Lori limekuja, limechukua mapipa, limeondoka. Barua ipo mapajani. Nimesimama mara mbili kwenda kwa Mzee, mara mbili nimekaa. Mara ya kwanza alikuwa kwenye simu. Mara ya pili hakuwa kwenye simu.

Saa tano kasorobo. Mlango wangu uko wazi, naona mapokezi. Ameingia mama mmoja na kitenge cha njano, kabeba mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono. Sijawahi kumwona. Anamweleza Jedidah kwamba ana watoto saba, yuko nao wote hapa, lakini shule imewakataa watatu kwa sababu karatasi kutoka kwetu inasema wanne. Anasema aliwaandika wote. Anasema aligeuza.

Jedidah hajaniangalia. Amesimama, amezunguka meza, amemshika yule mama mikono yote miwili. Anasema, "Pole sana, mama, kosa ni langu, ni mimi niliyeiingiza fomu yako."

Mama hana ugomvi. Anataka tu jina la aliyekosea, shule wamemwambia alete jina. Ametoa daftari la mtoto na penseli, anaomba amtajie polepole, hajui kuandika majina ya Kenya. Jedidah anamtajia herufi moja moja.

J, anasema. E. D.